Visiki Nilivyozamisha Kipini

Nyasi zile za Kipini hazikuokolewa na mtu mwema. Niliziokoa mimi, na nilikuwa na kinyongo. Nasema mapema kwa sababu siku hizi vijana waliosoma hunijia na madaftari, hunikalisha kitini na kuniuliza, mzee, ulijuaje kuhifadhi chini ya bahari? Wanataka niwape hekima. Mimi shule ya misheni nilikaa miaka miwili, nikajua kusoma, kuandika na kuchapwa, nikatoka. Hekima sikuwa nayo. Nilikuwa na adui.

Kwetu ni juu kidogo ya Garsen, ukingoni mwa mto. Baba alikufa ningali mdogo, mama akanilea kwa kufinyanga vyungu. Uvuvi nilijifunza kwenye maziwa yale ambayo mto huyaacha nyuma ukihama. Ziwa kwetu lina wenyewe. Wazee hulifunga, na likifungwa hata mtu mwenye njaa hatii mguu. Siku ya kufunguliwa watu huingia pamoja na mitego yao, wakatoka pamoja. Sikujua kwamba kuna watu duniani wasiolijua jambo hilo.

Miaka ya hamsini ilipoanza nilikuwa kijana mwenye kifua, nikashuka na mtumbwi hadi Kipini, mto unapomwagikia baharini. Nikaona watu wa pale wanavua kwa dema, kile kitego cha fito kinachosukwa kama kikapu chenye mdomo wa kuingilia, nikasema hiki nakijua, ni ndugu wa mitego yetu. Nikasuka ya kwangu. Mahali pa kuyatega nilipatafuta mwenyewe, kwa kupiga mbizi. Mashariki ya mdomo wa mto, mbali na tope, pima tatu kwenda chini, niliona kitu ambacho sikukitarajia: majani. Majani mabichi, marefu kama mpunga uliokaribia kuchanua, yanalala na kuinuka na maji. Na ndani yake tafi, changu, kamba wadogo wadogo, kila kitu kinakula, kinajificha au kinazaa.

Nilipaita Malishoni. Sikumwambia mtu. Mvuvi wa dema haweki boya, maana boya ni kumkaribisha mwizi. Nilipashika kwa alama za nchi kavu. Ukingoni mwa mto palikuwa na mkoma, ule mti wa jamii ya mnazi unaogawanyika juu, wenye vichwa viwili. Ukiwa baharini, ukaona mnazi mmoja mrefu umepita katikati ya vichwa vile kama uzi katika tundu la sindano, na ile miembe iliyosimama ukingoni upande wa chini imefunga mstari, basi uko juu ya Malishoni. Shusha dema.

Mzee mmoja wa Kipini aliniona nikipiga alama zangu akasema, "Mwanangu, tazama vilima vya mchanga. Mti wa mto usiuamini."

"Mchanga hupeperuka," nikamjibu. "Mkoma huo umesimama tangu babu."

Akaenda zake. Laiti angenizaba kofi.

Pale Malishoni nilikula vizuri misimu mitatu. Nilijenga nyumba ya kwanza ya mama yenye mlango wa mbao. Halafu likaja juya.

Juya ni wavu wa kukokota. Huu ulikuwa mrefu kuliko uchochoro wowote wa Kipini, chini una kamba nene iliyofungwa risasi ili ukwangue chini kabisa, samaki asipate pa kupita. Mashua huuzungusha baharini, kisha watu ishirini huuvuta kutoka ufukweni wakiimba. Mwenye juya, ambaye ndiye alikuwa nahodha wake, alitoka mbali. Sisemi wapi, maana watoto wake wako hai na hawajanikosea. Alikuwa mtu mzima, ameshiba, ana sauti ya kufurahisha watu. Mji mzima ulimpenda kwa siku moja, kwa sababu siku ya kwanza alivuta samaki hata wa kugawa bure.

Siku ya tatu alivuta Malishoni.

Nilikuwa ufukweni nikisuka. Juya lilipofika mchangani niliona kwanza majani. Lundo, bwana, lundo la kumzidi mtu kimo, na mizizi yake myeupe inaning'inia. Ndani ya lundo tafi wa ukubwa wa kidole, maelfu, wanarukaruka kisha wanaacha. Majongoo ya bahari, kaa waliovunjika, mayai ya vitu nisivyovijua majina. Na katikati ya takataka ile, fito. Fito zangu. Madema kumi na manne niliyoyasuka kwa mikono hii yalikuwa yamegeuka kuni.

Nikaenda kwake. Nikamsalimu vizuri, sikumvunjia heshima. Nikamwambia, "Nahodha, hizo zilikuwa dema zangu, na hayo majani ndiyo chakula cha samaki unaowavua."

Akaokota fito moja, akaitazama huku na huku, akawageukia watu wake. "Sikizeni. Mtu wa mtoni amepanda shamba baharini." Wakacheka. Akanitazama tena, kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulioniua. "Kijana, bahari haina uzio. Rudi kwenye migomba yako."

Nilikwenda kwa bwana shauri, yule mzungu aliyekaa bomani. Nilingoja kutwa nzima chini ya paa la mabati. Nilipoingia nilieleza kila kitu, habari ya mizizi, habari ya samaki wadogo, habari ya maziwa yetu yanavyofungwa. Karani mkalimani alisikiliza maneno yangu yote, akayafasiri kwa sentensi moja fupi. Mzungu akasema neno, karani akanigeukia: "Bwana asema bahari haina mwenyewe."

"Na ziwa je?" nikauliza.

"Bwana hajaulizwa habari ya ziwa."

Mlangoni nikamkuta nahodha amekuja kwa shughuli zake. Alijua nilichofuata. "Umepewa uzio?" akaniuliza.

Nikampita. Nilishika njia ya maji, siku mbili za kupiga kafi dhidi ya mkondo hadi nyumbani, na kila kafi nililitia nikitaja jina lake. Nilipofika sikula. Mama akanitazama siku nzima, kisha akasema, "Nilizaa mtu au nilizaa kiboko? Kiboko ndiye hukaa majini amevimba hivyo."

Nilikuwa na rafiki, mchungaji wa Kiorma, aliyeleta ng'ombe mtoni kila kiangazi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini hakuna aliyewahi kunieleza jambo vizuri kuliko yeye. Nilipomsimulia habari ya juya aliegemea fimbo yake.

"Ngombe yangu nakula majani," akasema. "Mizizi hapana kula. Ngombe nakula mizizi, mimi nachinja hiyo."

"Hiyo si ng'ombe, ni wavu wa mtu."

"Basi weka boma. Miti ya miiba. Fisi nakuja, nashikwa ngozi."

Alisema kwa mzaha. Mimi sikucheka. Nilitazama boma lake, matawi ya mgunga yaliyorundikwa kuzunguka ndama, na nikaona chini ya bahari.

Mgunga ni mti mgumu. Kisiki chake chenye mizizi kina makucha kila upande, ukikipitishia wavu hautoki bila kuacha nyama. Lakini ni mti, na mti huelea. Kwetu mawe hakuna. Unaweza kutoka Garsen ukatembea siku nzima usipate jiwe la kumtupia mbwa. Basi nilivilaza visiki ziwani, nikavikandamiza kwa magogo mwezi mzima mpaka vikalewa maji. Bado vilikuwa vyepesi mno kusimama katika mkondo. Hapo ndipo nilipoenda nyuma ya nyumba ya mama, kwenye vyungu vilivyopasuka motoni. Mfinyanzi havitupi, huviweka avisage achanganye na udongo mpya. Nikaanza kuvijaza udongo wa mfinyanzi mbichi hadi nusu na kuvifunga shingoni kwa kamba za makumbi, kila kisiki na chungu chake.

Mama akatoka. "Unafanya nini na vyungu vyangu?"

"Vimepasuka, mama."

"Nimekuuliza kama vimepasuka?"

Nikamwambia ukweli. Akakaa juu ya kinu. Akauliza swali moja tu: "Huyo mtu alicheka?"

"Alicheka."

Akaingia ndani, akatoka na vyungu viwili vizima, vikubwa vya maji, vyenye nakshi shingoni. "Hivi ni vizito zaidi," akasema.

Ndiyo maana nasema kinyongo changu hakikuanza na mimi. Nilikirithi.

Nilivishusha vile visiki kwa mtumbwi, vinne vinne, mara nyingi mpaka nimesahau. Watu waliniona. Kwani nilijificha? Mto umejaa magogo kila msimu, na mtu mwenye mtumbwi uliobeba kuni ni mtu mwenye mtumbwi uliobeba kuni. Nilivizamisha mchana kweupe, Ijumaa, saa za sala. Juya lote, watu ishirini na nahodha wao, walikuwa msikitini wamevaa kanzu safi. Mimi ni Mkristo, siku yangu ni Jumapili. Ijumaa adhuhuri bahari yote ya Kipini ilikuwa yangu peke yangu. Nilisimamisha mkoma wangu, nikapitisha mnazi katikati ya vichwa vyake, nikaanza kushusha. Kisiki, chungu. Kisiki, chungu. Nilivipanga pembeni mwa majani yaliyobaki, kama boma la rafiki yangu. Majani yenyewe sikuyagusa. Yalikuwa yamebaki mabaka mabaka, kama kichwa cha mtu mwenye mashilingi ya choa.

Juma lililofuata nahodha alirudi Malishoni, maana samaki wa kwingine walikuwa wameisha kwa kazi yake mwenyewe.

Nilikaa mahali pale pale ufukweni, ninasuka dema. Walivuta wakiimba. Wimbo ukakatika katikati. Wakavuta tena, kamba ikakaza ikawa inatoa maji yenyewe kama nguo inayokamuliwa. Nahodha akapiga kelele, "Vuta, ni gogo la mto, litakuja." Wakatia miguu mchangani watu ishirini, na nikausikia wavu. Ulipasuka polepole, upande wa katikati, sauti kama ya shuka kuukuu linaloraruliwa na mtu asiye na haraka. Sijasikia wimbo ulionipendeza kuliko ule, na ninaimba kwaya.

Kilichofika ufukweni kilikuwa kamba mbili na matambara. Nikaweka dema langu chini, nikapangusa mikono, nikaenda.

"Pole, nahodha," nikasema. "Nilidhani bahari haina uzio."

Alinitazama, na nikaona ameelewa. Hakunipiga. Alikuwa na watu ishirini, angeweza. Alisema tu, "Kumbe ni wewe." Nikasema, "Ni mimi." Nilitaka ajue. Kisasi asichokijua mwenyewe ni kama chakula bila chumvi.

Alishona wavu, akajaribu tena kwa upande mwingine. Ukararuka. Akatuma mpiga mbizi wake kwenda kuvitoa visiki, lakini mto ulikuwa umejaa, maji mekundu hadi nje ya ghuba, mtu haoni kiganja chake. Mpiga mbizi alirudi juu na mguu uliochanwa, akasema huko chini kuna kitu chenye meno. Mara ya tatu juya likabaki chini nusu yake. Mwezi mzima watu wake wakawa wanavuta karibu na mji, wanapata dagaa na viatu.

Sasa nieleze kosa langu, maana mtu akisimulia ushindi tu ni mwongo.

Nilirudi nyumbani kuvuna mpunga wa mama. Niliporudi Kipini baada ya mafuriko, nikaenda baharini na madema mapya sita, nikatafuta mkoma wangu. Hakuna mkoma. Nikasugua macho. Ukingo wote ulikuwa umeliwa, mkoma, miembe na kila kitu, na mto ulikuwa unapita mahali zilipokuwa zimesimama alama zangu. Mnazi ulibaki peke yake nyuma, na mnazi mmoja hauna maana, ni kama nusu ya neno.

Mimi, mtu niliyezaliwa mtoni, niliyeona vijiji vizima vikihamishwa kwa sababu ukingo umekatika, nilikuwa nimeuamini ukingo. Nilishusha madema kwa kukisia. Matano yalinaswa na visiki vyangu mwenyewe, kamba zikakatika, sikuyaona tena. La sita lilitua kwenye mchanga mtupu, likanipa kaa mmoja. Niliendelea hivyo hadi kiangazi kikaingia. Nilikuwa nimeijengea Malishoni boma zuri, na mimi mwenyewe niko nje ya boma.

Mtu mmoja tu alipajua. Nusu ya juya lake ilikuwa imelala pale, na alikuwa amepapigia alama kwa vilima vya mchanga, ambavyo havikutingishika.

Sikwenda kwake. Ningekula majani mimi mwenyewe kuliko kwenda. Alikuja yeye, akakaa kwenye mtumbwi wangu uliopinduliwa bila kukaribishwa.

"Nimekuona wazunguka zunguka kama kuku aliyekatwa kichwa," akasema. "Umepapoteza."

"Sijapoteza kitu."

"Sikiza. Mimi najua ni wapi. Wewe wajua visiki viko vingapi na vimekaaje. Maji sasa meupe. Nikupeleke, wewe upige mbizi, unionyeshe, watu wangu wavitoe. Halafu tugawane. Nusu uvute na dema zako, nusu mimi."

"Na majani?"

"Majani huota."

"Ukiyang'oa na mizizi?"

Akanyoosha mikono. "Kijana, nina watu ishirini wanakula kwangu."

Hilo lilikuwa kweli, na sikulipenda kuwa kweli. Nikamwambia twende.

Tulikwenda wawili tu, kwa mashua yake ndogo. Alisimama, akafunga jicho moja, akalinganisha kilima kimoja na kingine, akasema, "Hapa." Na mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, nimefunga jicho langu lile lile, ninalinganisha vilima vyake. Kilima chenye kovu jeupe, nyuma yake kilima bapa. Nikavimeza.

Kisha nikajitosa.

Nilitazamia kuona meno. Nikaona bustani. Visiki vilikuwa vimeota manyoya ya kijani. Juya lake lilikuwa limetandazwa juu yake kama chandarua, na samaki wadogo wanaingia na kutoka kwenye matundu. Majani yalikuwa yamerudi, yametambaa kutoka kwenye mabaka yake hadi miguuni mwa visiki. Chungu kikubwa cha mama, kile chenye nakshi, kilikuwa kimelala ubavu, na chewa mnene amekaa ndani, kichwa nje, ananitazama kama mwenye nyumba aliyegongewa mlango wakati wa kula. Nikakaa pale mpaka kifua kikauma. Nikajua sitatoa hata kisiki kimoja. Mapenzi sikuwa nayo. Nilifurahi kwamba juya lake ndilo lililokuwa kivuli cha samaki wangu.

Nikaibuka. "Vingapi?" akauliza.

"Vingi."

"Vimekaaje?"

"Vimekaa vizuri."

Akasubiri. Nikapanda mashuani, nikakamua shati. Akaelewa tena, yule bwana alikuwa na akili. "Tulikubaliana," akasema.

"Tulikubaliana twende. Tumekwenda."

Aliiendesha mashua mpaka ufukweni. Nilivunja ahadi, na hilo ndilo jambo pekee katika habari hii ambalo sijawahi kulitaja kanisani. Ijumaa iliyofuata, watu wakiwa msikitini, nilisimamisha vilima viwili nikaongeza visiki vinane.

Juya lilihama Kipini kabla ya mwaka kwisha. Lilikwenda kukwangua nyasi za nani, sikuuliza. Wale watu ishirini wengine walirudi makwao, wengine wakaja kwangu kujifunza kusuka dema, nikawafundisha kwa masharti: mtego chini, mkono juu, hakuna kukokota. Waliokubali walikula. Aliyekataa nilimwambia ajaribu kukokota tu, aone.

Nahodha mwenyewe alirudi miaka ya hamsini ikiishia. Hakuwa na juya tena wala mashua. Alikuja na ngalawa ya kuazima na mshipi mmoja wa kuvulia, amekonda, sauti imebaki. Nilikuwa Malishoni ninainua dema. Nikamwona anasimama, anafunga jicho, analinganisha, anakuja moja kwa moja mpaka ubavuni kwangu bila kukosea hata upana wa mkono. Akanisalimu. Nikaitikia. Akashusha mshipi.

Ulishika papo hapo. Akavuta, ukakaza. Akavuta tena kwa mikono miwili, uso wake umeng'aa, akidhani amepata chewa. Mimi nilijua alichopata. Alikuwa ameshika juya lake mwenyewe. Mshipi ukakatika, akakaa kitako, na ndoana yake ikabaki chini na mali yake nyingine.

Nilicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Nilicheka kicheko kilichokaa tumboni tangu siku ya lundo. Yeye alinitazama, akatazama maji, kisha akatikisa kichwa. "Hii bahari ina uzio," akasema.

Nilitafuta kwenye kikapu changu, nikampa ndoana moja. Akaipoteza kabla ya adhuhuri. Ya pili sikumpa.